Shingo Ni ya Mchinjaji

Kijijini kwetu Ihongolo, shingo ni ya mchinjaji. Hilo halina mjadala. Ini watagombania wenye shughuli, utumbo watachukua kina mama waliopika, paja litajulikana lenyewe linakwenda wapi, lakini shingo inakatwa nzima, inafungwa vizuri, anapewa aliyechinja aende nayo kwake. Na aliyechinja ni mume wangu Hamidi. Kabla yake alikuwa baba yake, na kabla ya baba yake alikuwa babu yake, aliyepita huku na misafara ya zamani, akaugua miguu, wenzake wakamwacha, Wagogo wakampa uji wa uwele, akabaki.

Tuko nyumba tatu tu za Waislamu hapa, saa moja na nusu kwa gari kutoka Dodoma mjini. Wengine ni watu wa kanisani, na wachache wana mambo yao ya mila. Lakini harusi ikipangwa, msiba ukitokea, Krismasi ikikaribia, hakuna anayegusa kisu kabla ya kumtuma mtu kwetu. Akichinja Hamidi kila mtu anakula, hakuna wa kuuliza swali. Mkristo anakula, Mwislamu anakula, mpita njia anakula. Ndivyo walivyokubaliana wazee wao na wazee wetu, na toka nimeolewa hapa sijasikia ugomvi juu ya hilo.

Mimi ni Arafa, mama wa Salwa. Nimepika shingo miaka thelathini na moja. Nimepika ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo, na ya madume wazee mpaka kuni zikaisha na nyama bado inagoma. Nasema haya mapema ili asije mtu akaniambia Arafa ulibahatisha. Sikubahatisha.

Mvua zile zilianza mwezi wa kumi na mbili, na sisi kwa ujinga wetu tukashangilia. Huku kwetu mtu akiona wingu anatoa nje ndoo, sufuria, mpaka kikombe cha chai. Tukatoa. Wiki ya kwanza tukamshukuru Mungu. Wiki ya pili tukaanza kutazamana. Wiki ya tatu nyumba zikaanza kulala chini, maana nyumba zetu nyingi ni tembe, paa lake ni udongo, na udongo ukishiba maji unakuwa mzito kupita miti inayoubeba. Yetu ilianguka asubuhi tukiwa tumetoka kuangalia ya jirani. Nilirudi nikakuta kilima cha matope na mguu wa kitanda umechomoza. Hamidi aliingiza mkono kwenye matope akachimba kama mwendawazimu, nami nadhani anatafuta nguo zetu, kumbe anatafuta kisu cha baba yake. Alikipata. Hicho, na kanga niliyovaa, ndiyo mali tuliyotoka nayo.

Halafu korongo likaja. Korongo letu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Tunachimba visima humo, vijana wanacheza mpira humo, na Matonya, tajiri wetu wa ng'ombe, alikuwa amehamishia zizi lake humo humo ukingoni, kwa sababu maji yako karibu na mchanga ni laini kwa kwato. Tulimsifu sana kwa akili ile, hata mimi nilimsifu. Siku ile ya Jumatatu, alasiri, jua lilikuwa linawaka, hakuna tone. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu ya milima. Tukasikia mvumo, tukadhani ni lori. Maji yalikuja mekundu, mazito, yamebeba miti mizima, na yalipopita penye zizi la Matonya hatukusikia hata ng'ombe mmoja akilia. Ng'ombe arobaini na moja walikwenda. Matonya alisimama pale na fimbo yake mkononi mpaka mkewe alipokuja kumvuta shati.

Tukahamia shuleni, watu mia mbili na zaidi kwenye madarasa manne.

Jamani, msiniulize habari za shule ile! Watu wanapenda kusimulia mafuriko kama ni mambo ya maji na machozi. Mafuriko ni harufu. Vyoo vya shule vilijaa siku ya kwanza, siku ya pili vikatapika, na kile kilichotapika kikashuka taratibu mpaka mlangoni mwa darasa la tatu, kikatulia hapo, na watu wakawa wanakiruka kwenda kulala. Uwele uliookolewa kwenye magunia ulianza kuota na kunuka kama pombe iliyoachwa. Majongoo walitoka ardhini wakapanda ukutani, wakaanguka kwenye uji. Kuku aliyekufa maji alielea uani siku nzima, watu wazima na ndevu zao wanampita, kila mmoja anasubiri mwingine amtoe. Nilimtoa mimi, nikamtupa mbali, nikatema mate mpaka koo likakauka. Kinyaa kilinishika siku ile na hakikuniachia. Nilikuwa nikilala nacho, nikiamka nacho, naangalia mikono yangu mwenyewe naona kinyaa.

Walinipa usimamizi wa jiko kwa sababu nina mdomo. Ruthu, jirani yangu, akawa msaidizi wangu. Tulipika uji na maharage, uji na maharage, na maharage yenyewe yamevunda.

Siku ya Jumatano asubuhi Abeli, mtendaji wa kijiji, alisimama juu ya dawati uani akapiga makofi. Alikuwa amepata viatu vya mpira vipya, sijui wapi, wakati sisi tunatembea peku kwenye uchafu.

"Ndugu zangu, saa nane tunapokea mgeni kutoka mjini, na waandishi na kamera. Atakuja na magodoro. Sasa na sisi tusionekane tumekaa tu tunalia. Mzee Matonya, pamoja na hasara aliyoipata, amejitolea ng'ombe wawili. Leo kambi nzima inakula nyama!"

Watu walipiga vigelegele! Vikongwe walisimama. Ruthu alinikumbatia akaninyanyua. Mimi pia nilifurahi, sisemi uongo, mate yalinijaa mdomoni. Sikujiuliza Matonya amewatoa wapi hao ng'ombe wawili. Nilidhani labda walikuwa malishoni upande wa pili, wakapona.

Hamidi alikuwa ameitwa tangu alfajiri. Alirudi kama saa nne. Nilimwona anakuja akipita pembeni ya ukuta, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji, akanawa mikono kwa sabuni. Akanawa tena. Akanawa mara ya tatu, na sabuni ile nilikuwa nimeiomba kwa watu.

Mikononi hakuwa na kitu.

"Baba Salwa, shingo iko wapi?"

"Nimewaachia watu wa kambi."

"Umewaachia."

"Watu wana njaa, Mama Salwa. Sisi ni nani tujitenge na shingo nzima?"

Maneno mazuri hayo, tena ya utu. Lakini mume wangu miaka thelathini na moja hajawahi kurudi bila shingo. Mwaka aliochinja na homa ya malaria alirudi nayo begani huku anatetemeka. Siku ya msiba wa mama yake mwenyewe alichinja, akalia, akaja na shingo. Akiulizwa anasema hiyo ni haki ya kisu. Sasa leo kisu kimesamehe haki yake? Na mbona haniangalii usoni?

Nyama ililetwa kwa mkokoteni wa punda, kwenye magunia, juu wamefunika bati. Nzi walikuwa wametangulia mbele kana kwamba wameonyeshwa njia. Ruthu alifungua gunia la kwanza, akarudisha uso nyuma.

"Hee! Da Arafa, nyama hii mbona ina rangi hii?"

Nilichungulia. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa vizuri ni nyekundu, inang'aa, imekauka damu, kwa sababu damu imemwagika chini. Hii ilikuwa nyeusi ya zambarau, imelegea, ukiibonyeza inabaki na shimo, na damu imegandia ndani yake kila mahali. Mafuta yalikuwa na kijani pembeni. Harufu yake haikuwa kali bado. Ilikuwa tamu tamu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Labda ni unyevu tu," akasema Ruthu. "Kila kitu kina unyevu siku hizi."

Nilipindua gunia la pili, na chini kabisa nikaikuta. Wachunaji, kwa mazoea ya mkono, walikuwa wameikata shingo nzima na kuifunga pembeni kwa kamba ya katani, kama kila siku. Hakuna aliyewaambia kwamba leo mwenyewe haitaki.

Nilikata kamba. Palipopita kisu palikuwa pamekatwa vizuri, kwa mkono ninaoujua, mpasuko mmoja. Lakini mpasuko ulikuwa mkavu. Kingo zake zilikuwa nyeupe kama umekata sabuni. Nikatia kidole kwenye koo. Kidole kikagota. Nikakisukuma, nikakizungusha, nikakitoa.

Kilitoka kimejaa mchanga. Mchanga wa korongo letu, ule mwekundu wenye punje za kung'aa, umeshindiliwa kooni na tope na vipande vya majani.

Ng'ombe anayepumua hali mchanga.

Ptuu! Nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika uji wote wa asubuhi.

Hamidi nilimkuta nyuma ya darasa la nne, amekaa juu ya tofali, kisu kiko kiunoni kwenye ala yake. Nikamnyooshea kidole kile kile, sijakinawa.

"Hiki nini?"

Akakitazama, akatazama pembeni.

"Alikuwa anapumua," akasema.

"Alikuwa anapumua nini, mchanga?"

"Arafa, punguza sauti."

"Wote wawili walikuwa wanapumua? Toka Jumatatu? Alirusha mguu? Damu iliruka? Niambie damu ilikwenda wapi, Hamidi, maana yote iko kwenye gunia!"

Akasema kwa sauti ya chini, kama anasimulia mambo ya mtu mwingine.

"Walikuwa wamenasa kwenye mizizi pale kona ya korongo. Matumbo yamejaa. Mmoja kunguru wameshamla jicho. Nilitaka kuondoka. Matonya akanishika miguu, mtu mzima kama yule, Arafa, amepiga magoti kwenye tope. Anasema hana hata ndama. Anasema angalau hawa wawili wasioze bure, awape watu, asionekane ni maskini mbele ya mgeni. Abeli naye anasema chinja tu, nani atajua, watu wana njaa. Nikasema basi, watu kweli wana njaa. Nikapitisha kisu."

"Ukasoma bismillahi?"

Akaifunika ala ya kisu kwa kiganja. Na mimi sikutaka jibu.

"Simama," nikamwambia. "Nenda kawaambie. Sasa hivi, kabla hatujabandika."

"Niwaambie nini?" Hapo ndipo aliponitazama, macho mekundu. "Nyumba imekwenda. Mbuzi wamekwenda. Shamba ni ziwa. Nimebaki na nini mimi hapa Ihongolo? Nimebaki na mkono huu ambao kila mtu anakula kutoka kwake bila kuuliza. Nikisema leo, kesho nani ataniita? Watachinjiwa na nani? Watanipita njiani kama yule kuku wako wa uani."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilimwelewa. Ningeweza kukaa naye pale kwenye tofali nikalia. Lakini kidole kilikuwa kinaninuka.

Nikaenda kwa Abeli. Nilimkuta anafunga kitambaa cha meza kwenye dawati la mgeni. Nikamwambia nyama ile ni kibudu, tena kimeoza, watoto watakufa. Hata hakushtuka.

"Mama, usituharibie ratiba. Aliyechinja ni nani, wewe au mzee?"

"Nimeona mchanga kooni."

"Mzee amesema amechinja. Mbele ya mashahidi. Sasa wewe mke wake unataka kumwita mumeo mwongo mbele ya kamera?" Akatabasamu, meno yote nje. "Pikeni. Tieni tangawizi nyingi."

Tangawizi! Wallahi, nilitamani kumsukumia uso kwenye kile kilicholala mlangoni mwa darasa la tatu. Mtu anasimama juu ya viatu vyake vya mpira anakwambia utie tangawizi kwenye mzoga uwape watoto wa watu. Nilisonya mpaka mashavu yakauma.

Nilifikiria kupindua masufuria nijifanye nimeteleza. Lakini magunia yalikuwa manne, na ningepindua masufuria mangapi? Nilifikiria kupiga kelele uani. Wangesema Arafa ana mdomo, tunamjua. Na kweli wananijua. Katika kijiji kile kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye akisema nyama hii msile, watu mia mbili wangeweka sahani chini. Naye alikuwa amekaa juu ya tofali.

Nikarudi jikoni. Nilipofika Ruthu na wenzake walikuwa wameshabandika. Masufuria yalikuwa yanachemka na juu yake limetanda povu la kijivu, zito, wanalitoa kwa upawa na linarudi. Harufu sasa ilikuwa imefumuka. Watu walikuwa wameanza kupanga foleni na sahani zao, wanaivuta puani, wanatazamana, na hakuna anayesema kitu. Unajua kwa nini hawakusema? Kwa sababu walikuwa wameambiwa amechinja Hamidi.

"Ruthu," nikasema, "asipakuliwe mtu hata mmoja mpaka nikwambie. Ukimpakulia mtu tumeachana mimi na wewe." Ruthu akaniangalia, akashika upawa kwa mikono miwili.

Nikachukua ile shingo. Nikakata mnofu mmoja pale pale penye mpasuko, nikatia chumvi, nikauweka juu ya makaa. Mafuta yalidondoka, moshi ukapanda, nami nikaugeuza kwa vidole huku nimebana pumzi. Ulipoiva nikauweka kwenye sahani ya bati, nikauweka wa peke yake, nikatembea nao katikati ya uwanja wa shule, watu wote wananitazama.

"Baba Salwa!" nikaita. "Njoo uchukue haki ya kisu!"

Alitoka nyuma ya darasa. Asingeweza kutotoka, maana watu walikuwa wameshaanza kucheka na kumwita, "Mzee Hamidi, shingo hiyo! Anza wewe, sisi tuko nyuma yako!" Walikuwa na furaha ya kweli, masikini. Matonya alikuwa amesimama kando ya bendera, mikono nyuma. Abeli alikuja mbio, akaniambia huku amebana meno, "Mama, acha." Sikumwangalia.

Hamidi alisimama mbele yangu. Nikamsogezea sahani.

"Bismillah," nikasema. "Kula."

Nilikuwa naomba nini moyoni? Sijui. Nusu yangu ilikuwa inaomba asile, niwe nimeolewa na mtu. Nusu nyingine, Mungu anisamehe, ilikuwa inaomba ale, tumalize, tubaki na jina letu. Alichukua mnofu. Akauinua. Mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akaufikisha mdomoni. Midomo ikafunguka. Nikaona mchanga kwenye ukucha wake, bado mwekundu, pamoja na kunawa kote kule.

Akaurudisha kwenye sahani.

"Walikuwa wamekufa," akasema. Akasema tena kwa sauti ili wa nyuma wasikie. "Wote wawili. Walikufa Jumatatu. Mimi nimepitisha kisu tu. Msile."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitegemea kelele, nilijiandaa kwa kelele. Sahani tu zilikuwa zinawekwa chini moja moja, unasikia bati likigusa ardhi. Ruthu alimwaga upawa kwenye majivu. Mwanamke mmoja alianza kuwasukuma wanawe kuwarudisha darasani bila kugeuka nyuma.

Aliyeongea ni Paulina. Ni bibi wa umri wa mama mkwe wangu, haoni vizuri, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele kabisa ya foleni. Wamempa nafasi ya kwanza kwa ajili ya uzee wake.

"Hamidi mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mwaka wa njaa ile kubwa tulikula waliokufa. Mimi nilikula, na mume wangu alikula. Tulijua tunakula nini. Tulichemsha, tukamwaga maji, tukachemsha tena. Ninyi mngetuambia tu. Anayetaka ale, asiyetaka alale na njaa yake. Mbona mlituambia amechinjwa?"

Hamidi alipiga magoti.

"Nimekula mkononi mwa baba yako," akasema Paulina. "Mimi sijawahi kumwuliza baba yako swali."

Matonya alianza kulia. Watu walimwacha alie. Nyama tuliifukia nyuma ya viwanja, shimo la urefu wa mtu, tukatia majivu na chokaa ya shule. Mgeni hakufika. Barabara ilikuwa imekatika mahali, akapiga simu, akatuma salamu. Kitambaa cha meza kilikaa juu ya dawati mpaka kesho yake, nzi wamekijaa, na Abeli hakuwa na uso wa kuja kukitoa. Jioni ile tulikula ugali na mlenda, na mlenda nilichuma mimi.

Hamidi hakunisemesha siku nne. Siku ya tano aliniambia, "Ungeweza kuniita pembeni." Nikamwambia, "Nilikuita pembeni." Yakaisha hapo, au tukafanya kama yameisha. Nililala mgongo kwa mgongo na mtu ambaye nilimvua nguo mbele ya kijiji, na ambaye alitaka kunilisha mzoga, na wote wawili tulikuwa tunanuka matope. Sijui nani alimwonea kinyaa mwenzake zaidi.

Pasaka ilifika tukiwa bado kwenye maturubai. Wakwe zake Ruthu kutoka upande wa Chimwaga walileta ng'ombe mmoja, jike jeusi, ili watu waliobaki wale sikukuu. Wakakaa wakazungumza kutwa nzima nani achinje. Mwishowe wakatuma mtu kwetu, kwa sababu hakuna mwingine, na kwa sababu, nadhani, hawakujua jinsi ya kuacha. Hamidi alikwenda na kisu. Nami nilikwenda nikasimama nyuma.

Ng'ombe alikuwa amefungwa mguu, yuko tayari kulazwa. Paulina akainua mkono.

"Mtembezeni kwanza."

Wakamfungua. Wakamtembeza yule ng'ombe mzunguko mzima, mbele ya wazee, mbele ya kina mama. Alitembea, akanya, akalia. Watu walimtazama miguu, wakamtazama macho, na wengine wakamshika pua kusikia pumzi. Hamidi alisimama katikati na kisu mkononi, akisubiri wamalize. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana ingekuwa nafuu. Walipotosheka wakasema haya, mzee, endelea. Akachinja, damu ikaruka mpaka kwenye kanzu yake.

Jioni alikuja turubaini na shingo begani, imefungwa kamba. Akaiweka mbele yangu kama alivyoiweka miaka yote, akabaki amesimama mlangoni, hakwenda kunawa.

Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu yule ng'ombe akitembea. Nilikuwa nimeiona damu. Lakini nilikata kamba, nikaigeuza shingo, nikatia kidole kooni nikakizungusha mpaka mwisho, na yeye ananiangalia.

"Mama Salwa," akasema.

Kilitoka na damu tu. Nikakitia tena.